Pochi Yangu na Wanawake wa Alhamisi

"Kobe, Bwana! Kobe!"

Nilisikia kabla sijaona chochote. Ukungu wa Nunguni ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya kabichi, na nyumba ya mama yangu ilikuwa mahali fulani mbele yangu, nyuma ya ua wa michongoma, imefichika kabisa. Sauti ilikuwa ya mwanamke mwenye mafua, nzito, na ilifuatwa na amina nyingi kwa pamoja. Kisha ikaja nyingine, nyembamba na yenye haraka: "Na ngazi, Baba. Ngazi ya mtoto huyu isivunjike akiwa katikati."

Nilisimama njiani, kiatu kimoja ndani ya tope. Kobe na ngazi yalikuwa maneno yangu. Hakuna mtu mwingine duniani aliyepaswa kuyajua.

Niseme mapema kwamba maneno yenyewe yalikuwa ya Kiingereza. Hapa nayaandika kwa Kiswahili, na si yote, wala si kwa mpangilio wake. Pochi iliyofunguliwa kwa maneno hayo sasa ni tupu kama ganda la yai, lakini nimetiwa adabu na sitaki kujisahau.

Siku hizo nilikuwa nimepanga chumba Kitui mjini, nyuma ya soko, nikiandika riwaya yangu ya kwanza asubuhi na hadithi za watoto mchana. Riwaya haikunilipa kitu. Hadithi zililipwa na watu wa ng'ambo ambao sikuwahi kuwaona, na walilipa kwa sarafu za mtandaoni, zile zinazoitwa kripto. Sarafu hizo nilizihifadhi kwenye pochi ndani ya simu. Nilipoifungua mara ya kwanza, pochi ilinipa maneno kumi na mawili na onyo. Yaandike, usimwonyeshe mtu. Aliye na maneno haya ndiye mwenye mali. Simu ikipotea na maneno yakipotea, hakuna ofisi ya kwenda, hakuna karani, hakuna dirisha la kugonga.

Nilitii kwa moyo wote, kama ninavyotii kila kitu kilichoandikwa vizuri. Sikupiga picha. Sikujitumia kwa barua pepe. Nilichukua karatasi moja, nikaandika neno moja kila mstari, bila nambari kando, kwa sababu nambari ziliharibu uzuri wake. Nilipokwenda nyumbani nikaichomeka ndani ya Biblia ya mama. Mwizi wa Nunguni ataiba kuku, ataiba betri ya sola, lakini Biblia ataiacha mezani. Niliiweka katika kitabu cha Hesabu, pale makabila yanapohesabiwa mtu kwa mtu. Niliamini hakuna msomaji kijijini mwenye subira ya kufika huko.

Kisha simu yangu ikatumbukia kwenye pipa. Pale nilipopanga maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki, na siku yakija unainama juu ya pipa kwa furaha bila kukumbuka kilicho mfukoni mwa shati. Fundi aliifungua, akaitazama, akaifunga tena kwa upole kama anayefunika maiti. Nikanunua simu nyingine. Laini ilirudi, majina ya watu yalirudi. Pochi haikurudi. Niliingiza namba yangu ya siri mara nyingi kabla ya kuelewa kwamba namba ile ilikuwa kufuli la simu ya zamani tu. Pochi yenyewe ilitaka maneno, nami nikafunga safari kwenda kuyachukua.

Ndani ya pochi kulikuwa na tangi la maji la mama yangu, yaani pesa za kulinunua. Mafundi walikuwa wamekwisha jenga msingi wake wa mawe kando ya nyumba, mabati yamefungwa mifereji, bomba linaning'inia hewani bila pa kumwagia. Mvua za Novemba zilikuwa karibu. Juu ya msingi alikuwa anaatamia kuku. Mama alikuwa ameanza kuuita nyumba ya kuku, kwa sauti ya kutania, na mimi nilijua utani wake unapoanzia.

Nilisukuma mlango. Sebuleni walikaa wanawake wa ushirika wa Alhamisi, kila mmoja kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, na kila mmoja ameshika kipande chembamba cha karatasi. Katikati palikuwa na jiko la makaa, linawaka.

"Mwaitu!" mama alisema. Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Nimepewa jina la mama yake mzazi, kwa hivyo yeye huniita mwaitu nami humwita mwaitu, na mgeni akitusikia hajui nani amemzaa nani. "Umefika wakati mzuri. Tunakuombea."

"Hizo karatasi mmezitoa wapi?"

"Si ulituachia ombi lako ndani ya Biblia."

Mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, alinieleza taratibu kama ninayejifunza kusoma. Mwaka huo walikuwa wanasoma Biblia kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuruka. Wiki iliyopita walifika Hesabu. Kwa desturi yao, karatasi ikikutwa ndani ya Biblia ni ombi la mtu aliyeona haya kusema, na mwenyewe haulizwi. Maneno yalikuwa kumi na mawili. Wanawake, ukimhesabu mama, walikuwa kumi na wawili. Nani angehitaji ishara nyingine? Mwenyekiti alitoa mkasi, akaikata karatasi mstari kwa mstari, na kila mmoja akaenda na neno lake kuliombea wiki nzima.

"Na leo tunamaliza," alisema akionyesha jiko. "Tukimaliza tunachoma. Ombi la mtu halitupwi jalalani."

"Msichome!"

Nilipiga kelele mpaka yule mwenye mafua akapiga chafya. Kisha nikawaeleza yote, pochi, pipa, tangi. Aliyekuwa na neno tumbili alisema, "Kwa hivyo tumbili si wale wanaomaliza mahindi ya mama yako?"

"Hapana."

"Mimi nimewafungia siku saba. Nimefunga chakula cha mchana, mtoto wewe. Na hawajaonekana."

"Ni kweli hawajaonekana," mama alithibitisha.

Tulikusanya vipande mezani. Vilikuwa kumi na kimoja. Mmoja wao alikuwa amekwenda mji wa Salama alfajiri kuuza avokado barabarani, na kipande chake alikwenda nacho ndani ya pochi yake, ile ya ngozi. Mama alimpigia, akaweka sauti kubwa.

"Soma hicho kikaratasi chako, dada."

"Nisome nini? Ombi la mtu? Kwenye simu, hapa katikati ya malori?"

"Mwenyewe yuko hapa, anakubali."

"Nitajuaje ni yeye? Siku hizi watu wanaiga hata sauti. Nikiuza hii gunia nakuja." Akakata.

Nilikuwa nimeambiwa nisimwonyeshe mtu maneno yale, nikayaweka mahali pa kusomwa kila Alhamisi. Yule wa Salama hakuambiwa na pochi yoyote, lakini hata mwenye mali alimnyima.

Tulimngoja. Chai ililetwa, na viazi vitamu. Simu yangu ikatetemeka. Asubuhi, nikiwa njiani na wasiwasi, nilikuwa nimeandika shida yangu kwenye kundi moja la mtandaoni, na sasa mtu aliyejiita mhudumu wa pochi, mwenye nembo safi na Kiingereza kitamu, alikuwa ananijibu. Alisema nisijali. Nimwandikie maneno niliyo nayo tu, hata kumi na moja, mtambo wao utalitafuta lililobaki. Nikaanza kuandika.

"Unaandika nini?" mwenyekiti aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe.

"Kuna mtu wa kampuni, ananisaidia."

"Ulimpigia?"

"Hapana. Amenitafuta mwenyewe."

"Yule wa Salama tumemtafuta sisi na hataki kulisema neno. Huyu hatukumtafuta na anataka useme yote." Akapuliza chai. "Mimi ningekuwa wewe ningemngoja wa avokado."

Kidole changu kilikuwa juu ya neno la tatu. Nilifuta yote, nikamzuia yule mhudumu asiniandikie tena, na nikala kiazi kwa aibu.

Mwanamke wa Salama alifika saa nane kwa bodaboda, vumbi la barabara kuu usoni, gunia tupu begani. Alinitazama juu hadi chini, akaniuliza jina la bibi yangu ingawa amenijua tangu nikiwa mgongoni, kisha akafungua pochi yake na kutoa kipande kilichokunjwa mara nne. Neno lake lilikuwa arusi.

Sebule ilipasuka kwa kicheko.

"Ndiyo maana nilikibana!" alisema. "Nimemwombea mume wiki nzima, mnataka nimtangaze barabarani?"

"Na mimi ndiye mwenye susu, kitanda cha kumbembeza mtoto," mwingine alidakia. "Kwa hivyo kazi yako ikifaulu, yangu inafuata."

"Yote ni ya pochi tu," nilisema.

"Pochi itakuoa?" mama aliuliza, na wakacheka tena.

Maneno yote yalikuwapo, lakini pochi huyataka kwa mpangilio ule ule, na mkasi ulikuwa umeuvunja. Hapo nilimheshimu mwenyekiti zaidi. Alikumbuka kwamba alikata kutoka juu kwenda chini na kugawa kuanzia mlangoni kuelekea kulia. Ushirika wa Alhamisi una viti vyake. Anayekaa pa mwenzake hukumbushwa kwa kikohozi. Akawaamuru wakae. Nikazunguka na simu mpya mkononi, mtu hadi mtu, nikiandika kila mmoja alichoshika, kama karani katika kitabu kile kile cha Hesabu.

Pochi ilikataa. Maneno si sahihi, ilisema kwa maandishi mekundu.

Nilihakiki herufi moja moja. Nilizunguka tena. Ilikataa tena. Niliwaza ule msingi wa mawe na kuku juu yake, na nikahisi machozi yakinijia mbele ya wanawake kumi na wawili, jambo ambalo lingeleta maombi mengine ya siku saba.

Yule mwenye mafua akapiga chafya.

"Wewe," mwenyekiti alisema, "wiki jana ulikaa karibu na jiko?"

"Wiki jana sikuwa na homa. Nilikaa kwangu, dirishani."

"Leo aliniomba tubadilishane," alisema jirani yake, "nikamhurumia."

Walibadilishana. Kobe alirudi dirishani, ngazi ikasogea kwenye joto. Niliandika kwa mara ya tatu, polepole. Kiduara kilizunguka kwenye kioo. Pochi ikafunguka.

Ilionyesha sifuri.

"Kuna ngapi?" mama aliuliza.

"Sifuri."

"Sifuri ngapi, mwaitu?"

"Moja tu."

Nilikaa sakafuni. Yule wa Salama alinishika bega kwa mkono wenye harufu ya avokado, na nadhani mkono huo ndio uliniwezesha kufikiri. Sarafu zangu zilikuwa za mtandao mmoja, na pochi mpya hufunguka ikionyesha mtandao mwingine. Ni kama kuchungulia chumba kimoja na kusema nyumba haina watu. Nilitafuta orodha ya mitandao, nikaongeza ule wangu, nikasubiri.

Zikajitokeza. Zote, mpaka malipo ya hadithi ya sungura ambayo nilikuwa nimeisahau.

Vigelegele vyao vilimtoa kuku kwenye msingi. Nilimsikia akilalamika kupitia dirisha. Leo ninapoandika haya amehamia chini ya mti wa avokado, na kwenye msingi limekaa tangi jeusi ambalo mama hulipiga kofi kila akipita, ajue yalipofika maji. Wanawake wa Alhamisi huchota bure. Lakini siku hiyo kazi ilikuwa haijaisha, na sehemu iliyobaki ndiyo ilikuwa ngumu kuisema.

"Mama zangu," nilisema, "pochi hii sasa inajulikana na watu kumi na wawili. Siwezi kukaa nayo. Lazima nifungue nyingine, yenye maneno mapya, nihamishie kila kitu huko, kidogo kwanza kama cha kujaribu, kisha kilichobaki. Na hayo maneno mapya..."

"Tusiyaone," mwenyekiti alimalizia. Alisimama, akakusanya vipande vyote kumi na viwili, akavimwaga kwenye makaa. "Basi amina. Twendeni."

Walitoka mmoja mmoja, wakinipa mkono. Aliyekuwa na tumbili alisema ataendelea na wale tumbili hata hivyo. Mwenye susu alinikonyeza. Mama alibaki amekaa kwenye kiti chake, Biblia mapajani, akiwa ametulia kabisa, kama mwenye nyumba.

Nilimtazama. Alinitazama.

"Na mimi?"

"Na wewe, mwaitu."

"Nyumbani kwangu?"

"Dakika kumi tu."

Aliinuka bila haraka, akajifunga leso, akaipachika Biblia kwapani. Mlangoni aligeuka. "Utayaficha wapi safari hii?"

"Sikuambii."

"Vizuri," alisema. "Maana wiki ijayo tunaingia Kumbukumbu la Torati, na hatutaruka hata ukurasa."

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake, na nikasikia akiusukuma tena kwa kiganja, kuhakikisha umefunga.