Uji Wenye Ladha ya Moshi

Mwaka ule wa njaa nilikuwa kiranja mkuu wa shule yetu ya msingi karibu na Morotonga, na nilijiona mtu kweli kweli. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, na mvua zikagoma. Wengi waliacha nafaka kwenye maghala ya zamani. Waliporudi kuichukua walikuta mchwa na wezi wamewatangulia. Watoto walianza kuanguka mstarini asubuhi, wimbo haujaisha. Baba yangu alikuwa katibu wa kijiji. Unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, ulipofika dukani, kwetu ulikuwa umeshafika. Mimi sikuanguka hata siku moja.

Ndipo nikaja na mpango wangu. Kila mtoto alete konzi moja ya unga, tupike uji kwenye pipa lililokatwa nusu, tunywe wote. Asiye na unga alete kuni. "Ujamaa si maneno!" nilipaza sauti mbele ya shule nzima, maneno niliyoyaokota kwa baba. Ikawa mistari miwili, wa unga na wa kuni, na mimi mwenye upawa nikaamua wa unga wachotewe kwanza. Niliona ni haki kabisa. Wa kuni walipata kilichobaki, na siku nyingine hakikubaki kitu.

Msichana niliyekaa naye dawati moja alisimama mstari wa kuni wiki mbili. Baba yake alikwenda Kerende kutafuta kibarua, asirudi. Wenzetu wakaanza kumwita Kuni, nami kiranja nikacheka pamoja nao. Kisha asubuhi moja akaja na unga ndani ya kitambaa, akaingia mstari wa unga kichwa juu. Nilimpigia makofi.

Uji wa siku hiyo ulikuwa na ladha ya moshi. Kwetu ulezi wa mbegu hauwekwi ghalani. Mashuke hufungwa mafungu, yakatundikwa juu ya jiko, moshi uyalinde na wadudu mpaka mvua inyeshe. Mtoto yeyote wa kule anaijua harufu ile, nami niliijua kwa funda la kwanza. Nilimtazama, akainamisha macho. Nilipaswa kumwambia aache, arudi kwenye kuni, au nimpe unga wa kwetu. Lakini ofisa wa elimu alikuwa anakuja kuliona pipa langu, na nilitaka uji mzito. Nikapokea konzi yake kila asubuhi kwa wiki tatu. Alikuwa akiusaga wakati mama yake amekwenda mtoni Manchira kuteka maji.

Ofisa alikuja, akaonja, akanipa mkono. Sikunawa mkono ule mpaka jioni, mjinga mimi.

Mvua ikanyesha, kijiji kizima kikaingia shambani. Siku ya pili mama wa msichana yule alikuja shuleni, jembe begani, tope hadi magotini. Alikuwa amemaliza kulima. Alipokwenda kushusha mbegu alikuta mafungu ya mashuke matupu, yaliyopukuchuliwa, na binti akamwambia yote. Mimi nilikuwa nakoroga. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe mwenye uji huu?"

"Ndiyo, mama."

Alichungulia ndani ya pipa kwa muda mrefu. Nilisubiri anitukane, na ningeshukuru.

"Ulikuwa mtamu?"

Nikamjibu kwamba ulikuwa mtamu.

"Haya. Watoto wamekula." Akaweka jembe vizuri begani, akaenda zake.

Jioni nikiwa jikoni kwetu niliinua macho. Juu ya jiko mafungu ya ulezi yalining'inia meusi kwa masizi, mengi kuliko shamba letu lilivyohitaji. Nilifungua mdomo niombe fungu moja tu, nikaogopa baba atauliza ni kwa nini, na habari itamfikia ofisa. Nikala ugali wangu.

Msichana na mama yake hawakupata mbegu kwa mtu. Kabla ya palizi walihamia kwa mjomba Tarime, na sikumwona tena rafiki yangu. Shamba lao lililolimwa vizuri likaota magugu, tukawa tunalipita kila siku kwenda shule. Kwetu, baada ya kupanda, yalibaki mafungu mawili. Mama aliyashusha, akayasaga, tukanywa uji.