Magari Juu ya Kiwanja Chetu

Siku moja bado naikumbuka, mwanangu, na nikiikumbuka damu inanichemka hata katika uzee huu. Nimesikia jana mliondolewa uwanjani ili watu wafunge turubai la mkutano, nanyi mkaokota mpira wenu mkaondoka kimya. Basi kaa hapo unisikilize.

Nilikuwa nasomea ualimu katika chuo cha wasichana hapa Bwera, miaka ile ya sitini wakimbizi wa Kongo walipokuwa wakivuka mpaka na magodoro kichwani. Mmoja wao alikuwa mwalimu Kavira, mtu wa Butembo, na yeye ndiye aliyetufundisha mpira wa kikapu. Kiwanja hatukuwa nacho, tukakitengeneza. Tulichota mchanga mtoni, tukaubeba mgongoni kwa vikapu, ukanda umekaza kwenye paji la uso, kama mama zetu wanavyobeba mihogo. Alama ya ukanda ule ninayo mpaka sasa, ukinitazama vizuri utaiona.

Msimu ule tulifunga kila timu. Tulikwenda mpaka Munkunyu, tumekaa juu ya magunia ya pamba ndani ya lori, tukarudi tunaimba. Ikabaki mechi ya mwisho, hapa kwetu, dhidi ya wasichana wa chuo cha Kasese, na kombe liko mezani.

Asubuhi mvua ikanyesha. Wakubwa wa kamati ya michezo walikuja kutazama kwanza mpira wa miguu wa wanaume, wakaona kwingine kote ni tope, wakaegesha magari juu ya kiwanja chetu. Hawakumuuliza mtu. Mwenyekiti wao akatuambia tungoje wanaume wamalize. Giza likiingia kabla hatujacheza, kombe halitatolewa mwaka huo. Alisema hayo huku akichokonoa meno! Nasi tukaketi kwenye nyasi mbichi, tukangoja. Mimi ndiye niliyekuwa kapteni, nikawaambia wenzangu kwamba wale ni watu wazima, watatukumbuka tu.

Mwalimu Kavira akaja akasimama mbele yangu.

"Munangojea nani?" akauliza. "Ile muchanga, ni yeye alibeba? Kiwanja iko yenu. Ingieni, mucheze."

Nikamuuliza, "Na magari, mwalimu?"

"Magari iko na madereva."

Tukaingia. Wasichana wa Kasese nao wakaingia, maana hasira ilikuwa yao pia. Mpira wa kwanza ulitua juu ya boneti ya mwenyekiti. Wa pili ukagonga kioo. Madereva walikuja mbio, funguo mkononi, na kabla sijafuta jasho kiwanja kilikuwa kitupu. Mwenyekiti alifoka mpaka sauti ikamkauka, lakini hakuna aliyeacha kucheza.

Tulishinda. Na yule bwana, alipotukabidhi kombe, akawashukuru wanaume kwa kutupisha uwanjani. Eti kutupisha! Mpaka leo sijamsamehe, na padri anajua.

Mwanangu, adabu naipenda, nami nimekulea nayo. Lakini usiketi kwenye nyasi kumngojea mtu akupe kitu ulichokijenga kwa mgongo wako. Ingia na wenzako, mchana, watu wakiona. Mungu aitie nguvu miguu yako, akuepushe na wote wanaochokonoa meno wakisema nawe.

Sasa inuka. Mpira uko nyuma ya mlango, nimeujaza upepo. Nibebee na kiti changu. Nitakaa palepale walipofunga turubai lao.