Wajumbe Saba wa 510510

Mwalimu Solange Sikitu alikuwa mtu wa kusahihisha. Hata padri akikosea namba ya wimbo kanisani, alinyoosha mkono. Alifundisha hisabati Butembo, mashariki mwa Kongo, na kila Jumatatu ya miaka ile ya vita alipanda gari kwenda Beni, kwa kuwa mwalimu wa huko alikuwa amekimbia.

Jumatatu moja ya mwaka 2001, kwenye kizuizi karibu na Beni, sajenti Lusenge alifungua daftari la Solange, akasoma Kifaransa kilichoandikwa humo: "510510: sept facteurs premiers."

"Facteur ni mutu ya kubeba barua," alisema polepole. "Donc uko na bajumbe saba ba kwanza. Ba pili beko wapi?"

Abiria wakatazama miguu yao. Solange alijua: aliyeitwa mpelelezi hapa alipelekwa kambini, na ndugu zake hawakuonyeshwa hata kaburi.

"Hapana batu, Chef. Facteur ni namba yenye kugawanya ingine. Mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu, kumi na saba. Zizidishe zote, unapata 510510. Premier ni ile haigawanyike, ila kwa moja na kwa yenyewe."

"Haigawanyike? Basi ni komando!" alicheka Muyisa, askari wa pili.

Lusenge hakucheka. "Na 510 inarudia mara mbili juu ya nini? Hiyo ni signal."

"Chef, namba yoyote ya chiffre tatu, kama 510, ukiiandika mara mbili, inagawanyika kwa saba, kumi na moja na kumi na tatu. Andika yako. Minafunga macho."

Lusenge akampa mgongo, akaandika kwenye pakiti ya sigara: 346346. Akagawanya kwa saba, ulimi nje kama mtoto wa darasa la tatu. Hakukubaki kitu. Jibu akaligawanya kwa kumi na moja, vilevile. Alipomaliza kumi na tatu, kwenye pakiti ilibaki 346.

Akageuka, bunduki mbele. "346 ni namba ya silaha yangu! Nani alikuambia?"

Ukweli wa Solange ulikuwa umemponza kuliko uongo wowote.

"Sikuijua, Chef. Inarudi kila mara, sababu saba, kumi na moja na kumi na tatu zikizidishwa ni 1001. Mupe mwenzako ajaribu."

Muyisa akachagua 204. Walihesabu pamoja, wakigombana juu ya kila namba ya kubeba, foleni ikirefuka nyuma yao. Mwisho ikatoka 204. Muyisa akapiga yowe la furaha.

Lusenge akamrudishia Solange daftari. "Enda, Mwalimu. Mbio."

Gari lilipoondoka, Solange aligeuka. Sajenti alikuwa amemsimamisha mwenye baiskeli na mzigo wa mihogo.

"Jina? Unatoka wapi? Chagua chiffre tatu."