Kiti ya Floribert

Kila siku mu internet muntu anaamuka anaandika liste: ba-réalisateurs bakubwa, benye kuongoza filme, benye balitokea mu miaka ya tisini. Majina kumi, mapicha kumi, na chini pale bantu banabishana mpaka banatukanana. Sawa. Miye naongeza jina moya, na musiniulize kama alipataka prix, zawadi ya filme. Hakupataka kitu. Ni Floribert wa Likasi, muntu mwenye alikuwa anakamata video ya ndoa na ya kilio, kamera kubwa ya kaseti ku bega.

Mutasema ule haiko réalisateur, ni kameraman tu. Hapana. Kameraman anakamata kile kiko. Floribert alikuwa anarudishaka bibi-arusi ku mulango: uliingia mbiyo, ingia tena. Siku moya mu kilio alitosha tantine, shangazi ya marehemu, inje, juu ya vile alilia na kupatia kamera mugongo. Tantine alitoka, aliingia, alilia muzuri kupita mara ya kwanza.

Na alikuwa na desturi yake moya. Ku mwisho ya kila ndoa, anatia kiti mbele ya ukuta mweupe. Kila mualikwa anaikala, anasema jina yake, jina ya baba yake, kwenye bankambo, ba babu yake, balitoka, na avenue yenye anaikala mu Likasi. Juu kaseti ilikuwa inapanda treni, inaenda kwa bandugu benye hawakuweza kuya. Kule mbali banataka kuyua: ule wa kikwembe ya kijani ni nani, tutamuandikia wapi? Benye feti, ile sikukuu, bazazi ya bibi-arusi, njo banaikala ba mwisho. Bantu balipenda ile kiti sana. Balikuwa banapanga mustari, banarekebisha krawati. Yeye tu Floribert hakuikalaka pale. Ataikala, na kamera nani ataishika? Na kopi ya kila kaseti ilikuwa inabakia mu bufe, kabati ya Henriette, mke wake, na jina juu.

Mwezi ya saba ya 1992, alikamata ndoa ya Mwadi. Baba ya Mwadi, papa Benoît, alitokaka jimbo ya Kasai kijana, alifanya kazi ku usine, kiwanda, miaka makumi tatu. Kiisha mwezi ya nane ilifika, na maneno iligeuka. Bantu ya Kasai baende kwabo: balikuwa banasema vile ku soko, hata mu mustari ya mukate. Jirani anapita, hasalimie. Ku gare ya treni, familia mingi zilianza kulala juu ya mizigo.

Asubui moya, vijana batatu banaingia mu parcelle, uwanja ya nyumba ya Floribert. Mukubwa wabo ni Carlos. Floribert alimukamataka video ya komunyo ya kwanza, na mushumaa mu mukono. Hawakupiga muntu. Carlos alisalimia mama Henriette, alikunywa maji yenye alimupatia, alifungua bufe yeye mwenyewe, alipitisha kidole juu ya majina mpaka kufika ku ndoa ya Mwadi. Balitaka kuiangalia. Bantu makumi sita na mbili beko mule, kila moya anajitaja na kinywa yake, kwenye alitoka, na avenue yake.

Lakini courant ya umeme haikuwa tangu siku tatu. Carlos alirudisha kaseti pa fasi yake.

"Tonton, courant ikirudia, na shiye tutarudia. Tutaikuta hapa, hein? Kama haiko, tutaangalia hii nyumba."

Kuichoma, basi, hawezi. Floribert alituma Henriette kwa papa Benoît na kitunga ya bunga ya kudanganya macho, na maneno mu kinywa ya kumuambia atoke mbiyo. Yeye alibakia na kaseti na batri moya ya kamera, ya zamani, yenye inaweza kufanya dakika makumi mbili tu. Akili yake ilikuwa hii: kuweka kamera mbele ya kiti tupu, kukamata ukuta juu ya bantu bote, bafutike. Ilifaa kukimbiza kaseti mpaka ku kiti, bila kuangalia. Yee anaangalia. Mwadi anaingia ku mulango, mara ya pili, yenye ilikuwa muzuri. Floribert anaona ile, anaona na ingine. Wakati anafikia kiti, batri ilishakuliwa kidogo. Alianza kufuta. Ukuta, kiti, kimya. Alihesabia bantu na vidole, vile alikumbuka mustari yabo. Batri ilikufa wakati alibakisha muntu moya.

Kesho yake, saa nane ya muchana, courant ilirudia. Balikuya bote batatu, baliikala ku salon. Baliangalia ndoa, balicheka mahali fulani. Kiisha kiti tupu. Dakika moya, dakika tano, dakika kumi. Hakuna muntu alitosha macho, juu kila moya alikuwa anangojea nani atakuya kuikala. Munipe hiyo liste yenu yote, munionyeshe plan moya, picha moya ya filme, yenye ilishika bantu vile.

Kiisha papa Benoît anaonekana, na kositime yake. Jina. Baba. Bankambo. Avenue, na numero ya nyumba, juu alikuwa muntu wa utaratibu.

Carlos alizima televizyo.

"Kule tunayua zamani, tulipita leo asubui. Nyumba iko tupu, sufuria ilikuwa moto bado. Hakuna mwenye aliyuaka kama tunamutafuta, ni mweye babili tu hapa."

Henriette alisimama ku mulango ya jikoni, mikono mu kikwembe. Carlos alienda kukamata kiti, ile ile, aliiweka mbele ya ukuta, alinyoosha kidogo vile Floribert alikuwaka ananyoosha.

"Sasa weye, tonton. Ikala. Jina, baba, kwenye mulitoka."

Floribert aliikala. Kamera ilikuwa chini, batri yake tupu, na aliangalia palepale kwenye ingekuwa siku ya ndoa.