Pipa la Pili

Baba yangu, Eliaichi, alikuwa fundi bomba kiwandani mjini Moshi kwa miaka kumi na tisa. Mwaka 1994, walipopunguza wafanyakazi, alirudi nyumbani Mbokomu na sanduku lake la spana, akitafuta kitu chochote cha kutengeneza. Akamwona mama.

Mama, Tabitha, alifuga ng'ombe wawili wa maziwa. Kiwele kinataka kuoshwa kwa maji ya vuguvugu, la sivyo ng'ombe hashushi maziwa, na kwetu mwezi wa saba maji ya bomba huuma mpaka mfupani. Kila asubuhi alichemsha maji jikoni, akayabeba kwa ndoo hadi bandani, akayapooza huko. Viungo vya vidole vyake vilikuwa vimeanza kuvimba.

"Nitakuwekea bomba hapo nje ya banda," baba akasema. "Maji yatoke yameshachanganyika." Tangu aachishwe kazi sikuwa nimemwona na uso ule.

Alinunua paipu Kiboriloni. Nyuma ya jiko akainua pipa juu ya matofali, kuni zikawaka chini yake. Paipu ya moto ilishuka kutoka pipani. Ya baridi aliiunga moja kwa moja na bomba la kijiji. Zikakutana ukutani mwa banda, kila moja na koki yake, mdomo wa kutolea maji mmoja.

Mama alitazama, mkono kiunoni. "Baba Flavia, watu wa juu mlimani wakimwagilia kabichi zao, kwetu maji hukatika ghafla. Si uweke pipa la pili, la baridi? Yakikatika, hilo linabaki na maji."

"Mapipa mawili! Tunapika pombe ya mbege hapa?" Baba akacheka. "Wewe shika ng'ombe, Mama Flavia. Bomba niachie mimi."

Mimi, Flavia, nilikuwa likizo kutoka chuo cha ualimu. Nikadakia, "Mama, baba ndiye fundi."

Mama akarudi bandani. Alikuwa amechota maji ya kijiji kile tangu aolewe. Alijua yanakuja lini na yanaondoka lini. Mimi na baba tulijua paipu zinavyoungwa.

Kwa wiki tatu bomba lilifanya kazi vizuri. Majirani walikuja kuchovya vidole na kustaajabu. Jumamosi moja mama alikuwa ameinama anasuuza kitambaa, mkono wa kulia chini ya mdomo wa bomba, maji ya baridi yakakatika. Yakabaki yale ya kuchemka peke yake. Alipiga yowe, ng'ombe akashtuka na kumbana ukutani, mama akashindwa kuutoa mkono upesi.

Kidonda kilipona, lakini vidole vitatu havikukunjika tena. Baba aliweka pipa la pili wiki ileile. Kukamua, mama hakuweza tena.

Kwetu kukamua ni kazi ya wanawake. Baba alichukua kigoda akakaa chini ya ng'ombe, mama kando yake akimwelekeza: usivute, minya, anza juu. Jirani yetu Efraimu alichungulia juu ya ua. "Baba Flavia, kesho tukuletee na kanga?"

"Lete doti nzima," mama akamjibu. "Kipande kimoja ujifunge wewe."

Baba alikamua hivyo mwaka hadi mwaka, asubuhi na jioni, wala hakuna aliyemsikia mama akimlaumu. Nadhani baba alikuwa akingoja alaumiwe. Mwaka 2003, nimekuja kuwasalimu, nilimsikia akiuliza bila kugeuka, "Mama Flavia, mbona hujawahi kuniambia kwamba ulinionya?"

"Ningekwambia, ungeomba radhi, yangekwisha," mama akasema. "Na hawa ng'ombe angekamua nani?"

Akacheka sana. Baba hakucheka. Aliegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe na kuendelea kuminya. Nilikuwa mlangoni, ndoo mkononi. Hapo ndipo ningepaswa kusema kwamba siku mama alipoonya nami nilikuwepo, na nilisema nini. Badala yake nikauliza kama maziwa yanatosha kupeleka kwa mkusanyaji. Mama akasema yanatosha.