Masharubu ya Pacha Wangu

Nilimchora masharubu marehemu pacha wangu. Kwenye picha yake, kwa mkaa wa jikoni. Nilitaka mzee akirudi kutoka hospitali aone, acheke, halafu nifute. Hakuna aliyeniambia rangi ya mafuta haikauki kama rangi ya ukuta. Yaani, niliambiwa. Sikusikiliza.

Mzee alikuwa Mwisraeli, mpangaji wetu wa chumba cha uani hapa Kasulu. Kwao alianza kazi angali mtoto, akichora machungwa kwenye mabango ya maduka. Akaenda jeshini, rafiki yake akafia ubavuni pake. Aliporudi, mama wa yule rafiki akamwomba sura ya mwanawe. Tangu hapo hakuchora chungwa tena. Picha zake zikatundikwa kwenye kumbi kubwa, mpaka watu wakachoka kutazamwa na wafu, wakaacha kununua. Uzeeni akaja Nyarugusu kufundisha watoto wa kambi ya wakimbizi kuchora. Kiswahili chake alikiokota hukohuko kwa Wakongomani. Mama akimwamkia shikamoo, anajibu, "Bonjour, mama," na mimi nacheka mpaka napigwa jicho.

Pacha wangu alikufa kwa malaria tukiwa darasa la pili, wakati tunaishi Murungu, Kibondo. Mpiga picha alipokuja shuleni, mama alilipia picha moja tu, yangu. "Si mnafanana," alisema. "Mtachangia."

Alipogundua kazi ya mpangaji wetu, mama alimwomba sura ya pacha wangu, kwa aibu, akitazama chini. Mzee akaniketisha kwenye ndoo, anichore huku akinipunguza miaka.

"Mama, huyu na yule, tofauti iko wapi?"

Mama alifikiri sana. "Mdomo. Huyu anacheka kabla hajaambiwa kitu. Mwenzake alikuwa anasubiri kwanza."

"Kijana, funga kinywa," mzee akaniambia. "Leo wewe si wewe."

Ilichukua siku nyingi, maana mikono yake ilishaanza kutetemeka na mimi sikutulia. Alipomaliza, mdomo ule ulikuwa unasubiri kweli. Nilishindwa kuutazama. Labda ndiyo maana nikachukua mkaa.

"Usiguse. Haiyakauka bado," alisema asubuhi ile akipandishwa bodaboda kwenda hospitali, amejishika kifua.

Jioni nikachora. Nilipofuta, mkaa ukazama kwenye rangi. Nilivyosugua, kona moja ya mdomo ikaja na kitambaa. Nikaacha. Nikasema mzee ataurekebisha.

Kesho yake walikuja watu kutoka hospitali kutuambia mzee amefariki.

Mama hakulia mbele yao. Walipoondoka, akaenda kuichukua picha ya pacha wangu. Nikamfuata na kitambaa mkononi, sina hata utani mmoja. Aliitazama. Kisha akanigeukia, akanitazama juu ya mdomo, pale palipoota vinyweleo ninavyovipaka mafuta kila asubuhi vikue upesi.

Nikanyoosha kitambaa nijaribu tena. Akanishika mkono.

"Acha," alisema. "Na yeye angekuwa na masharubu sasa."