Kona Moja ya Mchemraba wa Afande

Harufu ya rangi ya viatu hunirudisha moja kwa moja kwenye nyumba za askari magereza, Jinja, miaka ya tisini. Baba alipiga viatu vyake rangi kila asubuhi kwa hofu ya Afande, mkuu wa gereza, na baba akimwogopa mtu, mimi nilitetemeka maradufu. Basi Afande aliposikia kwamba najua hesabu, akaniazima mchemraba wake wa rangi, ule wa kuzungusha mpaka kila upande uwe na rangi moja. Baba hakufurahi hata kidogo. "Kitu ya Afande ikiharibika, sisi tutatupwa mbali," aliniambia. Siku ya tatu, nikitaka kuona ndani kuna nini, niliubandua kwa kijiko. Vipande vikamwagika sakafuni, nami nikavipachika popote vilipokubali kuingia.

Likizo ilipofika niliusafirisha ndani ya soksi mpaka Mbale, kwa shangazi yangu, mwalimu wa hesabu. Aliuzungusha kwa utulivu, rangi zikarudi kwao moja baada ya nyingine, ikabaki kona moja tu iliyojipinda. Akasimama. "Nani alifungua hii?" Nikasema hakuna. Njia ya mwongo ni fupi: akachukua chaki, akanionyesha kwamba kila ukizungusha upande kona hujipinda, lakini mipindo yote ikijumlishwa lazima itimize duru nzima. Kona moja haiwezi kujipinda peke yake, hata ukizungusha maisha yako yote. Niliogopa kuliko ninavyoogopa kupigwa. Hakuna aliyeniona, ila hesabu zilikuwa zimeniona. Kijiko kingeinyoosha kona ile kwa dakika moja, lakini shangazi alikataa. "Enda mwambie mwenyewe."

Nilimwambia Afande, baba akiwa kando yangu amekauka kwa saluti. Mkojo ulinitoka, sioni haya kusema. Afande aliutazama mchemraba, akasema, "Sawa. Toka." Mwezi uliofuata barua ya uhamisho ikaja, kaskazini, kulikokuwa na vita. Baba alifunga masanduku.

Leo nafundisha chuoni aljebra ileile ya shangazi. Naweza kuthibitisha ubaoni hali ipi hufikiwa kwa kuzungusha na ipi haifikiwi kamwe, na wanafunzi hufurahi. Baba amezeeka, anaishi Nakaloke, anatembea kwa fimbo tangu arudi kutoka kule. Hajawahi kunilaumu, wala sijawahi kumwuliza kama ni mchemraba uliompeleka. Watu wenye sare siwaogopi tena. Naogopa jibu la baba.